Uso wa Kwenye Simu

Ukitoka stesheni ya treni hapa Voi ukielekea mjini, kabla hujafika kwenye magari ya Wundanyi, kuna benchi la mbao limeegemea ukuta wa duka la simiti. Hapo ndipo kilipo kijiwe chetu. Mimi nashona viatu pembeni, kwa hiyo nasikia kila kitu, na mengi ni upuuzi mtupu. Zaitun, mama yake Nasiha, anauza kahawa chungu na kashata, jiko la makaa mbele yake, jua juu yake, vumbi la malori kila upande. Wateja wake wa kudumu ni watatu. Kuna Injini, jina lake Oundo, dereva wa lori. Kuna Dokta, jina lake Mulinge, aliyewahi kuwa mlinzi wa zahanati na tangu hapo anatibu watu kwa mdomo. Na kuna Gugo, yaani Ndambuki, kijana wa bodaboda anayeamini lolote aliloliona kwenye simu. Asubuhi moja Zaitun alimimina kahawa nje ya kikombe, akaenda kumimina tena, ikamwagika tena.

— Niambieni kweli, akasema. Nimezeeka sana?

Dokta alikohoa. Gugo alitazama pikipiki yake utadhani ndiyo iliyoulizwa.

— Kwani kuna nini, Mama Nasiha? Injini akauliza.

— Fawaz aja leo. Treni ya alasiri.

Sote tunamjua Fawaz kwa jina. Ni mume wake, yuko Uarabuni mwaka wa sita sasa. Alipoondoka, Zaitun alikuwa hajaanza hata kuuza kahawa.

— Si hiyo ni furaha, Auntie Zai! Gugo akasema. Mbona unakaa kama mtu ameshikwa na karao wa trafiki?

— Hulijui tatizo langu wewe. Hii simu aliyonitumia, nikimpigia tukaonana, yanilainisha uso. Mimi sikuiambia. Ilikuja hivyo. Siku moja nikabonyeza kitufe fulani, kule kulainisha kukazima. Wallahi nilijiona nikapiga kelele! Nikakibonyeza tena upesi. Kila usiku aniambia, "Zaitun, mbona wewe huzeeki?" Na mimi nanyamaza.

— Miaka yote hiyo? Dokta akauliza.

— Yote. Na yeye ang'ara vile vile. Akaa ndani, kwenye AC, jua halimgusi. Sasa atashuka kwenye treni akitafuta yule wa kwenye simu, anikute mimi. Tazama hapa machoni. Tazama shingo. Akigeuka arudi alikotoka n'tamlaumu vipi?

Alisema hivyo huku anapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa. Niliacha kushona. Mwanamke huyu hutukanana na madereva wa lori tangu alfajiri na hashindwi, na sasa alikuwa akiiogopa treni. Niliogopa pamoja naye, ingawa hainihusu.

— Sikia, Dokta akaanza. Ngozi huzeeka kwa kukosa maji. Uso ukikauka, unajikunja. Kunywa maji lita saba sasa hivi.

— Maji ya Voi haya ya chumvi? Gugo akamkata. Si atakauka zaidi! Auntie, mimi nimeona kwa simu, watu wanapaka ute wa konokono. Huko ng'ambo ni bei mbaya. Na Wundanyi konokono ni wa bure, wanatembea tu kwa migomba. Nipe saa mbili nikuletee mfuko mzima.

— Konokono watembee usoni mwangu?

— Hawaumi, Auntie.

— Wakiuma je?

— Hawana meno, Gugo akasema, ingawa nilimwona akitoa simu kuhakikisha.

Injini akavua kofia, akageuza uso kushoto, akageuza kulia.

— Mama Nasiha, niangalie. Hii shavu ya kushoto ni ya mtu wa miaka ngapi?

— Arobaini.

— Na hii ya kulia?

Zaitun alisogea. Nami nilinyanyuka, maana nimemjua Oundo miaka mingi na sikuwahi kuona. Upande wa kulia ulikuwa mweusi zaidi, wenye madoa, umejikunja kuanzia jichoni hadi shingoni.

— Huyo ni babu yako, Gugo akasema.

— Ni dirisha hiyo. Dereva anakaa kulia. Asubuhi nikitoka Mombasa kuja huku, jua iko upande yangu. Jioni nikirudi, iko upande yangu tena. Mtu ni mmoja, miaka ni ile ile. Ni jua tu. Ungekuwa na mwavuli hapa toka mwanzo, na kofia, na yale mafuta ya kuzuia jua, saa hii ungekuwa tofauti.

Hilo ndilo neno la maana pekee lililosemwa kwenye benchi lile mwezi mzima. Nadhani ndiyo sababu halikumsaidia mtu.

— Oundo, waniambia mambo ya tangu mwanzo! Treni ni ya leo!

— Ya leo sina, Injini akakiri. Anza leo, mwaka ujao utashukuru.

— Kuna cream, Gugo akasema kwa sauti ya chini. Pale stage ya magari wanauza, haina jina. Siku tatu tu unakaa kama mtoto.

— Hiyo wacha! Injini alifoka. Dada yangu alipaka hiyo. Mwanzo uso ulikuwa laini, kila mtu anamsifu. Baadaye ngozi ikawa nyembamba, mishipa inaonekana, akitoka nje jua inamchoma mpaka analia. Akiiacha anatoka vipele, akirudia anaharibika zaidi. Daktari wa ngozi ndiye alimtoa huko, na pole pole.

Lori likapita, likatumwagia vumbi. Zaitun akafunika kikombe changu kwa kiganja na kusahau kufunika uso wake mwenyewe.

— Basi tatizo ni kucheka, Dokta akasema, maana hawezi kukaa kimya. Mikunjo ya macho inatoka wapi? Kucheka. Akifika, usicheke. Sema naye bila kusogeza uso.

— Miaka sita sijamwona, nimpokee nimenuna?

— Umenuna lakini laini.

— Au mkutane giza, Gugo akasema. Mwambie stima imepotea. Wiki moja tu, mpaka azoee sauti.

— Au mwambie wewe ni dada yake Zaitun, Dokta akaongeza. Mkubwa. Zaitun amesafiri.

— Halafu? nikauliza, maana uvumilivu wangu ulikuwa umefika mwisho. Zaitun atarudi lini?

Dokta alifikiri. Hakuwa amefika huko.

Zaitun alitoa kibakuli chini ya meza. Ndani kulikuwa na liwa, ule unga wa msandali ambao wanawake wa pwani husinga nao uso. Shangazi yake alikuwa amemletea kutoka Mombasa, ameshauchanganya na marashi.

— Nilitaka kujipaka nyumbani adhuhuri, akasema. Lakini moyo haunipi kungoja. Najipaka hapa hapa, tazameni kando.

— Ongeza machicha ya kahawa, Dokta akasema. Kahawa inakaza ngozi. Kwani hukuona wanaokunywa kahawa hawalali? Wamekaza.

Kwa akili yake ya kila siku Zaitun angemrushia kibakuli. Siku hiyo alipindua dele lake la kahawa, akakung'uta machicha yote kwenye liwa, akakoroga, akajipaka kuanzia paji hadi kidevuni. Matope hayo yakakauka mara moja kwa joto la jiko. Yalibaki macho tu.

Hapo ndipo alipokuja mzee mmoja akiburuta sanduku, kofia ameishusha. Midomo imepasuka, mashavu meusi yenye madoa, ndevu nyeupe. Gugo akainuka kumpisha.

— Shikamoo mzee, keti.

Mzee hakuketi. Alimtazama mwenye uso wa matope, akaangalia pembeni kwa adabu.

— Samahani, mama. Nimeambiwa Zaitun auza kahawa hapa. Yuko wapi?

Kikombe kilimponyoka Zaitun. Sauti hiyo alikuwa akiisikia kila usiku. Aliitafuta chini ya kofia, kwenye uso ambao haukuwa ule wa kwenye simu.

— Fawaz?

Mzee akaganda, maana na yeye sauti hiyo aliijua.

— Zaitun? Nimepata... nimepata treni ya asubuhi.

— Si wewe waniambia wakaa ndani, kwenye AC?

— Wanaokaa ndani ni wenye nyumba. Mimi nazifunga hizo AC. Juu ya mapaa, juani.

— Na kwenye simu?

Fawaz aliinamisha kichwa. Simu yake nayo ilikuwa na kitufe kile kile.

Machozi yalimtoka Zaitun, yakachora mistari kwenye matope. Akajifunika leso, akasema:

— Nisubiri. N'nawe uso. Usiende.

Akakimbilia bombani nyuma ya duka. Fawaz akaketi. Alisikiliza maji yakimwagika kule nyuma. Kisha akavua kofia, akatugeukia mmoja mmoja, na nikaona ana hofu ile ile iliyokuwa hapa tangu asubuhi.

— Nyinyi ni watu wake, akasema polepole. Niambieni kweli kabla hajarudi. Nimezeeka sana?

Injini alitazama lori lake. Gugo, ambaye ana jibu la kila kitu, alirudisha simu mfukoni. Dokta alikohoa. Mimi nilishika kiatu cha mtu, sikumbuki hata cha nani. Maji yaliacha kumwagika. Tukainamia vikombe, lakini kahawa ilikuwa imekwisha, hata ya kujifanya tunakunywa haikuwepo.