Ndege Watatu wa Sabuni

Ukivuka reli ya Laini Saba ukashuka upande wa duka la Wacera, utaliona benchi langu. Ni mbao moja juu ya mawe manne, na birika langu liko kando yake juu ya jiko. Mimi ni Syombua, nauza kahawa ya tangawizi hapo miaka mingi sasa, na kinachochoka kwangu jioni ni masikio, si mikono. Wateja wangu wa kudumu ni wawili. Shivachi tunamwita Profesa, kwa sababu anauza magazeti ya zamani ya kufungia nyama, naye huyasoma yote kabla hajayauza, kwa hivyo habari zake ni za kweli ila ni za mwezi uliopita. Dalmas tunamwita Nusu. Anakunywa nusu kikombe, ananunua nusu mkate, na njiti ya kiberiti anaipasua kwa wembe ziwe mbili. Jumamosi ninayoisimulia ilikuwa ya Julai, mwaka wa tisini na sita, baridi imekaza, na kati ya hao wawili alikaa Phanuel na bahasha mkononi.

Phanuel ni mtu wa mjengo, kibarua wa kujenga nyumba, na mkewe Amondi hufulia watu nguo kule Lavington. Mwezi mmoja kabla ya siku hiyo Amondi alijifungua mtoto ambaye hakuwa ametimiza miezi yake, kadogo sana, na nesi akawaambia mtoto huyo asipigwe na baridi, mchana wala usiku. Nyumba yao ni ya mabati. Mimi nilimpa Phanuel leso akampelekee mtoto, lakini leso haizuii baridi ya Julai. Sasa kampuni ya sabuni ya Mbayuwayu ilikuwa imetangaza kuponi. Karatasi ya kila mche mzima wa sabuni ilikuwa na picha ya ndege kwenye kona. Ukikata ndege kumi na wawili ukawapeleka, unapewa blanketi ya mtoto, nzito, bure. Amondi alikuwa akiwaomba matajiri wake zile karatasi, akafikisha ndege tisa, kisha uchungu ukamkuta mapema. Lori la kampuni lilikuwa Kawangware, pale wanapopaita Kongo, na hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Linaondoka saa kumi na moja jioni, na wakati huo ilikuwa saa nane.

— Bado tatu, alisema Phanuel. Tatu tu, mazee.

— Si ununue miche tatu? aliuliza Profesa.

— Na nini? Mjengo imesimama tangu kontrakta apotee. Miche tatu ni unga ya wiki mzima.

— Kwanza mche mzima ni uharibifu, alisema Nusu. Mimi nakatiwa kipande, robo. Halafu naianika juu ya mabati siku tatu ndio nianze kutumia. Sabuni ikikauka haiishi haraka. Wahenga walisema akiba haiozi.

— Akiba haiozi lakini wewe unanuka, nikamwambia.

— Mathe, hiyo ni harufu ya akiba.

Profesa alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye magazeti yake. Nusu hakujali. Alimgeukia Phanuel akaanza kumfundisha, na Nusu akianza kufundisha hakuna wa kumzima.

— Sikia. Sukuma wiki usinunue asubuhi. Ngoja jioni, mama mboga anataka kwenda nyumbani, atakuongezea mkono mzima. Dawa ya meno ikiisha, pasua hiyo tyubu na mkasi, ndani kuna wiki mbili. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Hiyo ufa inaingia wapi kwa dawa ya meno? aliuliza Profesa.

— Ufa si ni ile ya meno?

— Na majani ya chai? nikamchokoza.

— Mara tatu. Ya kwanza ni ya wageni, ya pili ni yetu, ya tatu ni ya rangi tu.

Huwa namcheka Nusu, lakini niseme ukweli wangu hapa. Kwa hizo nusu zake amesomesha watoto watatu na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Chai yake ya tatu nimeinywa, na siku ile nilipougua yeye ndiye aliyeniletea uji. Ulikuwa mwepesi kama maji, lakini ulikuja.

— Hizo zote ni sawa, alisema Phanuel. Lakini lori haitangoja meno yangu. Nataka ndege tatu.

Hapo Profesa alikunja gazeti. Akikunja gazeti ujue ameona siri.

— Jiulizeni, alisema. Hapa Laini Saba nani hununua mche mzima? Hakuna. Sisi wote tunakatiwa vipande. Na kipande haina karatasi. Sasa karatasi inabaki wapi?

Sote tukatazama ng'ambo. Wacera alikuwa nyuma ya wavu wa waya wa duka lake, kama kawaida, akikata sabuni kwa uzi wa chuma. Hakutuangalia.

— Sitaki kusema kitu, alisema Nusu, kisha akasema. Huyo mama ana blanketi mpaka kwa dari. Anapeleka kwao, anauza kwa mahospitali.

— Hiyo ni kidogo, alisema Profesa. Wewe hujui maana ya kuponi. Kuponi ni neno ya kupona. Ndio tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Yaani mgeni akikuja na sabuni yake, mwenyeji apate kuponi. Lakini kampuni ilisoma hiyo methali ikaona itafilisika. Ndio wakaweka ndege kwa karatasi. Wanajua maskini ananunua kipande. Ndege inakaa dukani, maskini anabaki na povu.

— Na wenye duka wanalipwa kunyamaza, aliongeza Nusu.

— Si pesa. Wanalipwa na habari. Hizo karatasi zinahesabiwa huko juu, wanajua Laini Saba tunaoga mara ngapi. Tukioga sana wanasema hawa wako na pesa, waongezewe kodi ya nyumba.

— Basi mimi nimesaidia ploti yetu, alisema Nusu.

— Na ukiangalia hiyo ndege vizuri, alisema Profesa, inaangalia upande ya kushoto. Kwa nini kushoto? Town iko upande gani?

Phanuel alitoa ndege wake tisa kwenye bahasha, akawapanga juu ya goti, akawarudisha. Nilitaka kuwaambia wale wawili wanyamaze, lakini sitawadanganya, hata mimi nilikuwa nasikiliza. Nilikuwa naziona kabisa hizo blanketi kwenye dari ya Wacera, za bluu na za waridi, zimepangwa.

Hapo ndipo alipokuja Eddah. Alikuwa amehamia vyumba vya ploti ya nyuma wiki ileile na nilikuwa nimemuuzia kahawa mara moja tu. Alisalimu, akachukua kikombe, akakaa pembeni ya mbao. Alimsikiliza Profesa mpaka yule ndege wa sabuni akafika Uingereza na kurudi. Kisha akaweka kikombe chini.

— Huyu Wacera mnasema ni yule wa hapo?

— Huyo huyo, alisema Nusu kwa sauti ya chini.

— Na huyu baba anatafuta karatasi tatu, mtoto yuko na baridi.

— Eeh.

— Kwani mlimuuliza akasema nini?

Profesa alifungua gazeti. Nusu alikunywa kikombe ambacho kilikuwa kimekauka zamani. Phanuel alinitazama mimi, nami nikachochea jiko lililokuwa likiwaka vizuri. Wacera alikuwa hatua kumi na tano kutoka benchini. Miaka minne nilikuwa nimenunua sabuni kwake, nimeomba moto kwake asubuhi za mvua, na siku ile nilikuwa tayari kuamini kwamba anaficha blanketi, lakini sikuwa tayari kuvuka njia nikamuuliza.

— Huwezi kuuliza mtu kitu kama hiyo, alisema Nusu. Ataona tunamshuku.

— Si mnamshuku?

Eddah alimshika Phanuel mkono wa sweta, akamsimamisha, wakavuka. Sisi tukafuata nyuma kama watu wanaoenda kutazama ajali.

— Mama, sasa, alisema Eddah. Huyu baba ana mtoto mdogo, amebakisha ndege tatu za sabuni apewe blanketi. Karatasi ukikata sabuni unapelekanga wapi?

Wacera alitutazama mmoja mmoja kupitia waya. Kisha aliinama chini ya kaunta akatoa kopo la majani ya chai, akalimimina. Ndege walianguka juu ya kaunta, wamekatwa vizuri kwa mkasi, kona zote sawa. Walikuwa kumi na mmoja.

— Hizi si zangu, alisema. Mche mmoja nakatia watu wanne. Ndege ni moja. Nikipea mmoja, wale watatu watasema nimewaibia. Nikitupa, ni mali ya watu. Nikasema wacha niweke, siku moja mtu atauliza.

Alipanga wale ndege kwa kidole.

— Nawaonanga mkikaa hapo mkiangalia huku. Nilijua mnaniongea. Lakini hakuna mtu alikuja.

Niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Profesa, ambaye ana neno kwa kila jambo, alikuwa akisoma bei ya kiberiti ukutani.

— Tupee tatu basi, alisema Phanuel. Tafadhali.

— Mimi siwezi kupeana. Sabuni mlinunua nyinyi. Wenye vipande wakisema sawa, chukua.

Basi tukawa mahakamani, na wenye mali ni sisi. Nilisema robo zangu zote achukue. Profesa akasema zake pia, na akaomba radhi bila kusema anaomba radhi ya nini. Ikabaki kwa Nusu. Nusu aliwatazama wale ndege, midomo ikicheza, na nikajua anawagawanya kichwani.

— Chukua, alisema. Na za bibi yangu. Na kama kuna mtu wa ploti yetu atauliza, mwambie aje kwangu.

Tangu nimjue, sijawahi kumsikia mtu yule akitoa kitu kizima.

Phanuel alihesabu watatu, akawatia kwenye bahasha. Alipitisha mkono kwenye ule mwanya wa kupokelea pesa, akakishika kiganja cha Wacera. Alisema tu:

— Mungu akuwekee, mama. Akuwekee vile umetuwekea.

Kisha akaondoka mbio. Kutoka kwetu mpaka Kongo kwa mguu ni zaidi ya saa moja hata ukikimbia sehemu, na hakuwa na nauli. Tulirudi benchini tukakaa. Profesa alianza kueleza kwamba lori za kampuni huondoka mapema kwa sababu ya njama fulani, nikamwambia akiendelea atakunywa kahawa yake Kawangware. Akarudi kwenye gazeti lake. Tulikuwa tunangoja, wote, macho kwenye reli.

Saa kumi na mbili kasoro tulimwona akishuka kutoka upande wa reli. Manyunyu yalikuwa yameanza. Alikuwa amefunga koti lake mpaka shingoni na kifua kimefura, na kupitia kola tuliona kipande cha rangi ya bluu. Hakusimama. Aliinua mkono mmoja, akapita mbio kwenda nyumbani kwake, na mwingine alikuwa ameukaza juu ya kile kifua ili maji yasiingie.

— Bluu, alisema Nusu. Nilisema kuna za bluu.

Nilijifuta macho na pindo la leso. Moshi haukuwepo, kwa hivyo siwezi kusingizia moshi. Nilimshukuru Mungu kwa lile lori lililongoja, na kwa mkasi wa Wacera. Nilimshukuru kwa yule mgeni ambaye hakuwa amekaa nasi vya kutosha kujifunza ujinga wetu. Nilimwambia Eddah kahawa ya siku hiyo ni bure. Alisema asante, kisha akauliza kama na kesho ni bure, na Nusu akamtazama kwa heshima.

Tulisikia mlango wa bati ukifungwa. Wacera alikuwa amefunga duka mapema. Alivuka njia, akasimama mbele ya benchi akiwa amekunja mikono chini ya shali, na sisi sote tukasogea kwa pamoja. Akakaa. Sikuwa nimewahi kumwona bila waya mbele yake. Nilimimina kahawa iliyobaki, ikatosha kikombe kimoja kasoro kidogo, nikampa na nikakataa sarafu yake.

— Asante, Wacera, nikamwambia. Si ya leo peke yake.

Alikunywa polepole. Manyunyu yalikuwa yakilia kwenye birika tupu.

— Na mtoto mwenyewe, aliuliza, anaitwa nani?

Profesa alimtazama Nusu. Nusu akanitazama mimi. Mwezi mzima tulikuwa tumemzungumzia mtoto yule: udogo wake, nesi wake, baridi yake, ndege wake. Nilitafuta jina kichwani, sikulipata. Nilitafuta kama ni msichana au mvulana, hilo nalo sikulijua.

— Hakuna anayejua? aliuliza Wacera.

Hakukuwa na kahawa ya kujificha nyuma yake. Niliyamwagia maji makaa, nikafunika birika, nikajitanda leso nyingine kichwani kwa ajili ya mvua.

— Twendeni tukaulize, nikasema.

Nusu alikuwa wa kwanza kusimama. Wacera alituomba tungoje kidogo, akarudi dukani, akafungua mlango, akatoka na mche wa sabuni ambao haujakatwa, ungali ndani ya karatasi yake.