Mtoto wa Jepleting Alipopiga Chafya

Marehemu Jepleting, mdogo wangu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1994 hapa Sachangwan, akasoma shule ya msingi hapa na sekondari Molo, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 2012, na kuanzia Februari 2014 alipima maziwa ya wakulima, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi bila kulaumiwa. Aliolewa na Kosgei, fundi wa mitambo kule Olkaria, tarehe 7 Desemba 2019, wakajaliwa mwana, Kipkemoi, mwaka wa 2021.

Jumanne, tarehe 6 Agosti 2024, saa tatu na robo asubuhi, alijifungua msichana salama katika hospitali moja mjini Nakuru, akafunikwa blanketi apumzike, nasi tukapewa mtoto katika chumba cha pili. Mama mkwe wake, kama ilivyo desturi yetu, alianza kumtajia mtoto majina ya marehemu wa ukoo, mpaka apige chafya, ishara kwamba jina lililotajwa ndilo lake. Alitaja tisa, mtoto kimya, akachoka akasema, "Huyu ni mkaidi kama Jepleting," na hapo mtoto akapiga chafya. Shangazi Cheptanui akacheka, "Hilo halihesabiwi mama, mwenyewe yuko hapo anangoja chai!" Sote tukacheka. Nikatazama saa, kwa kuwa mimi ndiye ninayeandika tarehe za familia: saa nne na dakika arobaini.

Ripoti ya hospitali inasema muuguzi, aliyekuwa peke yake akihudumia wazazi kumi na wanne waliotoka kujifungua, aliinua blanketi saa nne na dakika arobaini, akamkuta dada yetu amekata roho, godoro limelowa damu. Daktari alitueleza wazi kwamba mzazi hukaguliwa kila dakika kumi na tano, na damu ikionekana mapema kuna dawa za kuizuia, lakini tangu saa tatu na nusu blanketi hilo halikuwa limeinuliwa, hata na sisi tuliopita mlangoni tukasema amelala.

Tunamshukuru daktari kwa kutotuficha, muuguzi aliyefika hapa leo, majirani, na wenzake wa maziwa. Akina mama, mzazi akinyamaza, inueni blanketi.

Mama mkwe hajataja jina lingine. Pumzika kwa amani, Jepleting, na tukimwita mtoto kwa jina lako, mwache aitikie yeye.