Fundi na Kifungo cha Koti

Mgeni rasmi, Mkuu wa Ofisi ya Tathmini ya Ulemavu. Wakuu wa vitengo mliokaa kwenye viti vyenye mito. Walinzi wa mlangoni, ambao kwa kweli ndio tunaowaona mara nyingi zaidi. Na ninyi wenzetu wa benchi: wa kuamkiwa tunawaamkia shikamooni, na wengine hamjambo?

KARIBU

Sisi Kikundi cha Benchi tunakukaribisha kwa mikono miwili, wale tulio nayo. Wenye mmoja wanakukaribisha kwa huo huo mmoja. Tumefurahi kwamba umekuja kutufungulia ukumbi mpya wa kusubiri. Ule wa zamani ulikuwa na nafasi kumi na mbili, na huu una arobaini. Tumeelewa kwamba ofisi imejipanga kutusubirisha kwa wingi.

Tunashukuru pia kwa njia ya mteremko iliyojengwa mlangoni kwa ajili ya viti vya magurudumu. Mwenzetu wa kwanza kuijaribu alishuka salama mpaka ndani ya kibanda cha mlinzi. Mlinzi anaendelea vizuri.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, kikundi chetu hakikuanzishwa na mfadhili wala semina. Kilizaliwa kwenye foleni ya ofisi hii. Tulikuwa sita asubuhi ile, tukaambiwa mtathmini anakuja sasa hivi. Kufikia saa nne tulikuwa tumeshajuana mpaka majina ya utani. Saa sita tukachagua mwenyekiti na katibu. Saa nane tukapitisha katiba. Saa tisa mlango ukafunguliwa, tukaambiwa turudi Jumatatu. Jumatatu tulirudi na mhuri.

Mmoja wa wale sita ni huyu mama aliyekaa safu ya mbele, mwenye gauni la buluu. Sisi tunamwita Fundi. Alishona nguo za watu miaka ishirini na mitatu, sare za shule na magauni ya harusi, mpaka siku alipopatwa na kiharusi akiwa kwenye cherehani, mguu bado uko kwenye pedali. Mkono wa kulia ulilala siku hiyo na haujaamka tena. Cherehani imefunikwa shuka, imegeuka meza ya kuwekea birika.

Mdogo wake aliacha kazi ya dobi akahamia kwake. Humvalisha, humfunga viatu, humsaidia kuoga. Kila asubuhi humfunga pia kifungo cha mkono wa kushoto wa gauni, kwa sababu kifungo cha mkono wa kushoto hakifungiki kwa mkono wa kushoto. Mgeni rasmi anaweza kujaribu wakati tunaendelea kusoma. Hatutamtazama.

Posho ya ulemavu, iliyokuwa ikipitia ofisi hii, ndiyo iliyomwezesha mdogo mtu kukaa nyumbani na dada yake.

MAFANIKIO

Mafanikio makubwa ni kwamba ofisi hii inaponya. Hospitali zilishindwa, mazoezi ya viungo yalishindwa, lakini barua ya ukurasa mmoja kutoka hapa imewainua wanachama wetu kumi na mmoja.

Mwenzetu tunayemwita Konda alikatwa mguu miaka minane iliyopita, na kila mwaka huulizwa kama kuna mabadiliko yoyote. Kila mwaka huutazama kwanza, ndipo anajibu, maana hataki kusema uongo mbele ya serikali. Mwaka jana alimpisha bibi mmoja kwenye benchi. Ikaandikwa kwamba mwombaji husimama bila shida. Amepona.

Mwenzetu kiziwi aliitwa kwa sauti mara tatu pale ukumbini, na mwitaji ana sauti nzuri sana, tunampongeza. Hakuitika, akaandikwa mtoro. Naye Mzee Redio, asiyeona, aliletewa barua ya kumtaka aje asome tangazo lililobandikwa ukutani. Alikuja, akaupapasa ukuta wote, akasema rangi yake ni laini.

Lakini uponyaji wa Fundi ndio uliotushangaza, na tunaomba utuvumilie tuueleze.

Ilikuwa siku yake ya tathmini ya mwaka. Alikuwa amekaa kwenye benchi tangu saa moja, amevaa gauni lake zuri. Hilo ni kosa letu sote, mgeni rasmi. Tulilelewa kwamba ukienda ofisi ya watu unaoga, unapiga pasi, unavaa kilicho bora, kumbe hapa unadhifu wa nguo unahesabiwa kuwa unafuu wa mwili.

Mtathmini wa chumba namba nne akatoka mbio. Alikuwa anaitwa kupiga picha na wakubwa waliotoka makao makuu, na kifungo cha pili cha koti lake kilikuwa kinaning'inia.

"Jamani, hakuna mwenye sindano hapa?"

Sisi tulijipapasa mifukoni bure. Fundi alijipapasa ukosi. Miaka ishirini na mitatu ametembea na sindano kwenye ukosi, na kiharusi hakikufika huko.

"Lete, mwanangu," alisema. "Utapigaje picha na koti linalocheka?"

Tulikuwepo, mgeni rasmi, tuliona kwa macho yetu, na Mzee Redio alisikia. Konda alimtungia uzi. Fundi alilibana koti kwa magoti, akaingiza sindano kwa mkono wa kushoto, akaivuta kwa meno. Ilimdondoka mara nne, na mara nne Konda aliinama na gongo lake kuiokota. Alijichoma kidoleni, akakinyonya ili damu isichafue kitambaa. Fundo alilifunga kwa meno na ulimi. Wakubwa walikawia, kwa hiyo mtathmini alikuwa amekwenda kunywa chai, akarudi, akakuta bado, akaenda tena kumalizia. Watu wawili waliitwa vyumba vingine, wakatathminiwa, wakatoka, naye Fundi bado anashona. Alipomaliza, jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo hatukuwa tumeiona tangu tumjue.

"Mama, mikono yako ina baraka!" mtathmini alisema, akavaa koti, akaenda kwenye picha.

Aliporudi alimwita chumba namba nne. Hakumwambia ainue mkono. Hakumwambia ashike kikombe. Aliandika dakika mbili, akamwambia kila la heri.

Barua ilifika baada ya wiki tatu. Ilisema: "Mwombaji ameshuhudiwa na ofisa akishona kifungo kwa ustadi. Mikono yake inafanya kazi. Ameondolewa kwenye orodha."

Mdogo wake ametusimulia kwamba Fundi aliisoma sentensi ya kwanza, akarudia, akatabasamu. Tangu augue hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba anafanya kitu kwa ustadi. Akaita, "Njoo uone wameandika nini!" Mdogo mtu akaja, wakasoma pamoja, na ndipo wakafika sentensi ya tatu. Barua hiyo bado anayo. Ameikunja mahali panapofuata neno ustadi, ili yale ya chini yasionekane.

CHANGAMOTO

Posho iliposimama, mdogo mtu alirudi udobini. Anaondoka saa kumi na moja alfajiri, anamvalisha dada yake kabla ya kutoka, naye Fundi hukaa amevaa viatu mpaka jioni kwa sababu akivivua hatavirudisha. Mwezi uliopita aliteleza bafuni, akalala sakafuni tangu asubuhi hadi mwenye nyumba aliposikia maji hayafungwi. Tunasema bila kuficha kwamba siku hiyo tulilia, na wengine wetu tulitukana, na tusi hilo halimo katika risala hii kwa heshima yako.

Alikata rufaa. Faili lake lilipotea, likaonekana, likapotea tena. Sasa limefika kwako na linahitaji saini moja ili apimwe upya na daktari. Muda wa rufaa unakwisha Ijumaa. Leo ni Jumatano.

Kwa sababu ya yaliyotokea, kikundi kimepitisha kanuni mpya: mwanachama asimsaidie ofisa yeyote kwa jambo lolote kabla ya kutathminiwa. Asiokote kalamu, asishike mlango, asipishe mtu. Kanuni hii inatutia aibu. Ndiyo ya kwanza tunayoifundisha wanachama wapya.

MAOMBI

Tunaomba mwenzetu kiziwi aitwe kwa kupungiwa mkono. Tunaomba Mzee Redio apigiwe simu. Kuhusu mguu wa Konda, tunaomba ofisi iukatie tamaa, kama yeye alivyofanya.

Ombi kubwa ni faili la Fundi. Yeye mwenyewe alitukataza tusiliseme. "Msimwaibishe mgeni," alisema jana. "Semeni mambo ya choo, choo hakina mlango."

Choo hakina mlango, mgeni rasmi. Tumesema.

Lakini leo asubuhi, uliposhuka kwenye gari, sote tulisimama kukupokea, hata tusiopaswa kuonekana tumesimama. Fundi akamvuta katibu shati. Tulidhani ametambua kwamba mtathmini wa chumba namba nne ndiye wewe, mkuu wetu wa leo. Hilo alilitambua zamani. Yeye alikuwa anatazama koti.

"Ni lile lile," alisema. "Kile kifungo changu kimeanza kulegea. Fundo la meno halidumu. Nipeni uzi mweusi, haitachukua muda."

Akaanza kuitafuta sindano kwenye ukosi. Ilibidi watu wawili tumzuie na mmoja aichukue. Amekasirika nasi mpaka sasa. Anasema ni aibu fundi kuacha kazi yake itembee mbele za watu hivyo.

Usikishike, Mheshimiwa, kitakatika.

Sindano iko kwa katibu, yaani msomaji wa risala hii, na uzi mweusi umeshatungwa. Faili tumeambiwa liko kwenye mkoba wa katibu muhtasi wako, aliyeketi nyuma yako. Kalamu tunaiona mfukoni mwako. Ukishatia saini tutamrudishia Fundi sindano yake, na safari hii tunaomba ukae, umtazame mpaka amalize.

Mungu akujalie afya, akulinde na ngazi, na akuepushe na siku ya kukaa kwenye benchi hili. Na kama siku hiyo italazimika kuja, akukutanishe na mtu mwenye sindano kwenye ukosi.

Ni sisi,
Wanachama wa Kikundi cha Benchi, tuliopona na tusiopona.