Kidole Gumba cha Mzee Athanas na Dufu Lililonguruma

Ndugu waombolezaji, majirani wa Mtaa wa Sikukuu, na ninyi mliotoka Masasi, familia imenituma mimi Goodluck niwasomee maisha ya baba yetu kwa kifupi, ingawa yeye hakuwahi kusimulia jambo lolote kwa kifupi.

Marehemu Athanas Polycarp Chilumba alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 nje kidogo ya Masasi, akasoma shule ya misheni hadi darasa la saba, na tarehe 3 Mei 1971 akaajiriwa bandarini Dar es Salaam kuwa karani wa shehena, kazi aliyoifanya hadi kustaafu mwaka 2006 bila kupanda cheo, kwa kuwa faili lake, kama alivyojibiwa kila mwaka, lilikuwa njiani.

Hapa Kariakoo alipanga kwa Mzee Nassibu, mpiga dufu wa maulidi, na ingawa marehemu alikuwa Mkatoliki wa misa ya kwanza, alifundishwa ngoma ile bapa yenye ngozi upande mmoja, Mzee Nassibu akiwajibu walioguna kwamba ngozi ya mbuzi haina dini. Wenzake walilipiga dufu kwa viganja, yeye alipitisha kidole gumba chenye jasho la shingoni juu ya ngozi, nalo likanguruma kama lori la mizigo linalopanda mlima. Mwaka 1998 alikwenda ofisi ya utamaduni kujisajili kama msanii, na ofisi ile, baada ya kujadili kama huo ni muziki au hitilafu, ikamwandika chini ya “Mengineyo”, akarudi akijisifu kwamba kundi zima ni lake peke yake.

Tarehe 8 Septemba 1979 alikuwa amefunga ndoa na mama yetu Leticia, wakajaliwa watoto wawili, Joyceline na mimi.

Tarehe 12 Februari 2021 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalala, na hofu yake kubwa ikawa kwamba mlio ule atazikwa nao, maana wanafunzi wote aliojaribu kuwafundisha walikuwa wameshindwa, wengine wakipaka hadi mafuta ya nazi, na dufu likitoa sauti ya mtu anayefuta meza. Yeye aliyeweza kufanya hakuweza kueleza, “Bonyeza, lakini usibonyeze,” aliwaambia, wakaaga. Ndipo mwaka uliofuata Zamzam, binti wa Mzee Nassibu, muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo, alipomwambia, “Baba mdogo, usinieleze, niazime mkono,” akaushika mkono uliolala, akaupitisha juu ya ngozi huku na huku siku kadhaa, mpaka dufu likanguruma, na hapo akagundua kwamba kidole husimama wima na kusukumwa mbele, wakati sisi sote tulikilaza na kukivuta. Ilimchukua Zamzam miezi saba zaidi, na tarehe 19 Novemba 2022 kidole chake mwenyewe kilipotoa mlio ule, marehemu alimgeukia mama akasema, “Sasa naweza kuugua kwa utulivu.”

Aliugua kwa utulivu hadi tarehe 2 Juni 2025, saa nne asubuhi, homa ya mapafu ilipomchukua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walioruhusu dufu wodini baada ya kuthibitisha kwamba tangazo ukutani linakataza redio tu, majirani mliopika na kukesha nasi, na wastaafu wenzake wa bandarini. Zamzam sasa ana wanafunzi watano kila Jumamosi, Waislamu na Wakristo, na wawili kati yao wameshalingurumisha.

Pumzika kwa amani, Baba, tunakuzika wewe, mlio tumebaki nao.