Filamu Iliyokatikia Uriri

Mheshimiwa mwakilishi wa wadi yetu, Chifu wetu, Mchungaji Makori uliyetoka Uriri alfajiri kuja kutufungulia ukumbi huu, wazee wa kanisa, akina mama wa kundi la Jumanne, Bi. Habon Farah uliyetupa skrini hii kubwa kutoka dukani kwako ijapokuwa husali nasi, na ndugu wageni waalikwa, nyinyi mliokuja kwa heshima na nyinyi mliokuja kwa ajili ya pilau: hamjambo? Naona wa nyuma wanaitikia kama watu ambao hawajala. Pilau ipo. Tulieni.

Mimi ni Truphena Omanga. Wengi humu niliwafundisha shule ya msingi, na wengine mpaka leo wakiniona sokoni Rangwe wanavuka barabara. Kamati imeniomba nitoe neno fupi la shukrani kwa niaba ya watazamaji, kwa kuwa ukumbi huu utaonyesha filamu safi tu, za upelelezi zisizo na matusi na zile za imani. Basi tunashukuru, tena sana. Hiyo ndiyo shukrani, nimeimaliza, na Katibu tafadhali usinivute gauni. Nina jambo lingine. Katika ukumbi huu yumo mtu aliyeacha dawa ya presha kwa sababu ya filamu, nami sitaachia kipaza sauti hiki mpaka aimeze. Simfichi. Ni mume wangu, Mzee Japheth, yule pale safu ya mbele mwenye koti la kijivu, anayejifanya anatazama dari.

Lakini nianze na sifa, msije mkasema Mwalimu hajui kupenda kitu. Filamu safi nazipenda. Nyinyi mnajua adabu yetu ya wakwe. Mama mkwe na mume wa binti yake hawakai tu hivi hivi mbele ya jambo la aibu. Sasa Krismasi moja binti yangu Dorah alikuja na mume wake, Mogaka, tukaketi wote sebuleni, na mjukuu akafungua televisheni. Yawa! Watu wawili wakaanza kulana midomo pale kwenye kioo. Mogaka aliinuka akasema anaenda kuwaangalia mbuzi. Sisi hatufugi mbuzi. Alizunguka nje na baridi mpaka nikazima, na chakula kikapoa. Tangu siku hiyo mimi ni mtu wa filamu safi, na anayeziona za kishamba aje anionyeshe nyingine ninayoweza kuitazama na mkwe wangu.

Hata hivyo, jamani, kupenda si kufumba macho. Hizi filamu za upelelezi zinanichosha! Mnajua zilivyo. Kuna mji mdogo mzuri, maua kila dirisha, mama mmoja mwenye duka la keki ambaye polisi hawawezi kufanya kazi bila yeye. Kila wiki mtu anauawa. Kila wiki! Na hakuna anayehama. Tena nauliza, na Chifu anisaidie: maiti inaokotwa jikoni asubuhi, ikifika jioni watu wanakula keki na kucheka, je, yule marehemu amezikwa wapi? Nani amepiga simu Nairobi? Nani ameketi kwenye kamati ya mazishi? Hema liko wapi, mashemeji wako wapi, yule mjomba anayekuja kugomba kwamba kaburi limechimbwa upande usiofaa wa boma yuko wapi? Mtu amekufa kama kuku! Sisi hapa mtu akifa, kijiji kizima hakilali, na wiki nzima hakuna anayekumbuka keki. Mimi nikitazama, Bi. Habon huwa ananiambia, "Mwalimu, acha mazishi, tafuta muuaji." Namwambia siwezi. Mwili uko wapi?

Bi. Habon mwenyewe ndiye bingwa. Kabla maji ya chai hayajachemka ameshamtaja muuaji. Nilimuuliza siri yake, akanijibu, "Mtafute mwenye adabu nyingi. Anayekimbilia kukubebea mfuko, ndiye." Nilicheka. Kumbe neno hilo lingekuja kunisaidia nyumbani kwangu.

Na hizi za imani? Mchungaji, nisamehe, lakini leo nasema. Mtu ana shida. Anaingia garini, anapiga usukani ngumi, mvua inanyesha, analia chozi moja tu, la jicho moja, halafu anaomba. Kesho yake mke amerudi, timu ya mtoto imeshinda, na daktari anavua miwani anasema hajawahi kuona jambo kama hili. Wakati wote huo mchungaji wao hana kazi nyingine. Hana ugomvi na kwaya, hana paa linalovuja, hakuna anayemwamsha ampeleke mgonjwa Homa Bay. Mimi nimeomba maisha yangu yote, na Mungu amenijibu mara nyingi, lakini hajawahi kunijibu kwa haraka ile, wala sijawahi kuwa na nywele zilizotulia vile nikilia.

Nawatania, lakini sasa sikilizeni, maana hapa ndipo utani unapoishia. Mwaka huu, wakati wa mkutano wa injili kule Uriri, tulikwenda na Mzee. Usiku ule ilionyeshwa filamu ya imani uwanjani, kwenye shuka jeupe lililofungwa ubavuni mwa lori, na Ndugu Gisiri akashika kipaza sauti kutufasiria kwa Kiswahili na Kijaluo, kama anavyofanya siku zote. Gisiri, usijifiche nyuma ya spika, nimeshakuona. Filamu ilikuwa ya mzee mmoja mgonjwa wa moyo. Mzee huyo anachoka na dawa, anasimama kando ya mto, anamwaga vidonge vyote majini, na kuanza kupanda kilima akiimba. Watu wakalipuka kwa vigelegele. Mzee yuko katikati ya kilima, puu! Jenereta ikazima. Petroli imekwisha.

Mnawajua watu wetu. Waliondoka? Hawakuondoka! Wakapiga kelele gizani, "Mwisho wake! Mwisho wake!" Na Gisiri, badala ya kuwaambia ukweli kwamba jenereta imekufa nendeni mkalale, akapaza sauti yake ile mnayoijua: "Basi ndugu zangu, yule mzee akafika juu kabisa, akapona, akatupa hata fimbo, akaishi mpaka akabeba vitukuu!" Uwanja mzima ukasema Amina. Aliyesema Amina kubwa kuliko wote alikuwa ameketi kando yangu na koti la kijivu.

Tangu siku ile mume wangu alibadilika. Nilikuwa nampelekea kidonge na maji kila asubuhi, na miaka yote ya ndoa yetu amekuwa akipokea bila hata kuinua macho kutoka kwenye redio. Ghafla akaanza, "Asante, mama. Asante sana. Acha nikurudishie kikombe mwenyewe." Anirudishie kikombe! Japheth! Wenzangu wangefurahi. Mimi nikamkumbuka Bi. Habon na neno lake. Siku ya kufua nikaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lile, nikatoa uji mweupe wa vidonge vilivyolowa na kugandana kwenye kitambaa. Alikuwa akiviweka shavuni, anarudisha kikombe, anavitema mfukoni.

Nilisema naye jikoni, nikasema naye chumbani, nikamwita Elvis, mwanetu, aje kutoka Migori aseme naye. Akatuambia hatuna imani. Mimi akaniambia imani yangu ni ya televisheni! Halafu wiki iliyopita akaanguka mlangoni pa mashine ya kusaga, debe la mahindi likamwagika, kuku wa watu wakala. Nyinyi mlimbeba, na nawashukuru. Hospitalini daktari alimpima, akaitazama mashine, akampima tena, akaniuliza huyu mzee amefikaje hapa na miguu yake. Akasema bila dawa hawezi kuniahidi mwezi. Tulipofika nyumbani, mume wangu akaniambia kuanguka kule kulikuwa jaribu la imani, na kwamba hata yule wa kilimani lazima alijikwaa kidogo kabla ya kufika juu.

Je, ningefanya nini? Kwenye filamu za upelelezi, yule mama wa keki akishajua kila kitu huwaita watu wote sebuleni, anafunga mlango, anasimama katikati. Siku zote nilisema huo ni upuuzi, kwa nini asiende polisi? Leo naomba msamaha kwa huyo mama. Kuna watu ambao hawasikii mpaka wawe mbele ya watu.

Nilikwenda kwanza kwa Gisiri. Nikamuuliza, "Mwanangu, mwisho wa filamu ile uliuona wapi?" Akanitazama, akajikuna kichwa. "Mwalimu, sijawahi kuuona. Lakini hizo filamu za imani si zote huisha vile vile?" Mnasikia? Na nitamjibu nini, mimi ambaye nimewasomea kasoro za filamu hizo hizo sasa hivi? Wenye kutengeneza filamu wametuzoesha mwisho mmoja mpaka kijana wa Uriri anaweza kuumalizia gizani bila stima, na mume wa mtu akauamini akaacha dawa!

Basi Bi. Habon akaitafuta filamu ile mpaka akaipata, tukaitazama yote nyuma ya duka lake. Mchungaji, hata wewe hujui inavyoisha, maana nawe ulikuwa gizani pale. Yule mzee hafiki juu. Anaanguka kwenye mawe, nyimbo zinakatika, na mke wake anapanda kilima kile akimwita jina mpaka sauti inamkauka. Anapelekwa hospitali. Akizinduka anasema, "Bwana, sikuwa nakuamini, nilikuwa nakupima." Na mwisho kabisa yuko mezani kwake, mbele yake kidonge na maji, anafumba macho anakiombea kile kidonge kama sisi tunavyoombea ugali, halafu anameza. Hakuna kilima. Hakuna kitukuu. Nililia, nawaambia kweli, tena macho yote mawili na pua pia. Kumbe filamu nzuri ilikuwepo, sisi ndio hatukuwa na petroli.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ombi letu sisi watazamaji ni moja: katika ukumbi huu, kitakachoanza kiishe. Stima ikikatika, tungoje. Isiporudi, twende nyumbani bila mwisho, tuje kesho. Na leo, Bi. Habon ameiweka tayari filamu ile. Mtaiona yote.

Sasa, Baba Elvis. Simama.

Nimesema simama, jaduong', mzee wangu, usiangalie dari, dari haina kitu. Asante. Kidonge hiki hapa kwenye kitambaa changu. Anasema nini? Semeni kwa sauti, huku mbele hatusikii. Anasema atameza akishauona mwisho kwa macho yake mwenyewe.

Hapana. Unanisikia, Japheth? Hapana. Katika filamu hakuna mazishi, lakini hapa Rangwe yapo. Ukianguka tena, mimi ndiye nitakayewekwa kwenye kiti cha plastiki kando ya jeneza, na watu wote hawa watapita kunipa mkono mmoja mmoja, na Gisiri huyu huyu atashika kipaza sauti aeleze jinsi ulivyokuwa mtu wa imani, na watasema Amina, halafu watakwenda kwao. Mimi nitarudi kwenye nyumba ile yenye redio yako. Sitaki. Nimekuwa mkali tangu asubuhi kwa sababu naogopa. Ndiyo, mimi Truphena naogopa, andikeni hivyo. Nimepanda kilima hiki nikikuita tangu siku ile ya Uriri, na sauti yangu imeanza kukauka.

Anakuja. Mpisheni apite. Mwache, Elvis, atembee mwenyewe.

Mchungaji Makori, kiombee kidonge hiki. Iwe fupi, tafadhali, hiki si kidonge cha mkutano wa injili.

Amina. Bi. Habon, maji. Haya, Mzee.

Amemeza! Ngojeni, ngojeni, msipige makofi bado. Na wewe usinirudishie kikombe. Mimi nimewapa watoto wa shule dawa ya minyoo miaka mingi, na huyu nimeosha koti lake. Fungua mdomo. Zaidi. Inua ulimi.

Shavu lile lingine.

Sawa. Sasa pigeni. Keti hapa karibu nami, Baba Elvis, tutazame wote mwisho wake. Gisiri, leo fasiri kile unachokiona tu. Waheshimiwa, wageni wetu, asanteni kwa kunivumilia mpaka hapa. Zimeni taa.