Picha ya Gloire

Benchi letu la Kadutu ni ubao mmoja juu ya makasha mawili ya bia, kando ya meza ambapo maman Virginie anauza kahawa. Asubuhi hiyo Philémon, mshona viatu, alitupatia simu yake tutazame picha aliyotumiwa ya binti yake Gloire, wa miezi saba: nywele za mbele nyeupe, doa jeupe kwenye paji la uso, macho ya bluu. Gloire alipotimiza wiki mbili tu, Philémon alimrudisha yeye na mama yake, Charlène, kwa wazazi wa Charlène kijijini Miti, kwa sababu ya alama hizo. Sasa alitaka tumwambie kama alikosea. Naona aibu kusema, lakini tulifurahi kuulizwa.

— Iyo ni vitiligo, magonjwa ya ngozi, alisema Lucien, tunayemwita Docteur kwa sababu aliwahi kufagia hospitali. Tonton yangu, kaka ya mama, wa Kamituga, iko nayo. Inaanza kidogo, kiisha inakula mwili muzima.

— Alizaliwa nayo, akasema Philémon. Na haiongezeke.

— Basi ni albinos ya nusu, akasema Zagabe kutoka mwisho wa benchi. Alitoka mu tumbo mbele rangi imalizike.

— Alimaliza miezi tisa.

— Basi ni Charlène. Mwanamuke akijipaka mafuta ya kungarisha ngozi akiwa na mimba, inashukia mutoto.

— Charlène hajipake ile mafuta.

— Kumbe unamutetea na ni weye ulimufukuza, akasema Docteur. Mie naona ni ba père ba zamani, bale bapadri bazungu. Mumoja alibariki nyanya ya Charlène ku paji, alama ikabakia.

Maman Virginie akamwambia anywe kahawa yake, aache mtoto wa watu.

Nathalie, muuguzi aliyehamia mtaani juzi, alikuwa anangoja kikombe chake. Aliomba simu, akaitazama sana.

— Vitiligo inakuyaka kiisha mutoto kuzaliwa, akasema polepole. Albinos ni mwili muzima. Huyu rangi ilikosa fasi moja tangu mu tumbo, hakuna mutu alikosa. Ingekuwa nywele na doa tu, singekuuliza kitu. Lakini na macho ya bleu... Papa Gloire, ukimuita akiwa amekupa mugongo, anageuka?

— Juu ya nini unauliza vile? akasema Zagabe.

— Batoto bengine ba vile habasikie. Bakijulikana mapema, banasaidiwa.

Docteur na Zagabe wakamtazama Philémon. Mimi pia. Tulikuwa tumeongea saa nzima juu ya ngozi.

— Siyamuita ata siku moja, akasema.

Akaacha kahawa yake imejaa, akashuka kutafuta gari la kwenda Miti.