Mkanda wa Tatu na Miaka Thelathini na Tisa ya Mjomba Giza

Tarehe 30 mwezi huu, saa kumi jioni, fundi wetu wa mitambo ya picha atashuka ngazi za chumba cha mitambo akiwa mfanyakazi wa jumba hili la sinema kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na tisa kazini. Mimi wa dirisha la tiketi nimeombwa niandike wasifu wake, eti kwa sababu nina maneno mengi. Sikukataa, kwa kuwa ni kweli.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na mmoja, wiki aliyofeli usaili wa udereva kwingineko. Alifeli kwa sababu alimwambia mwenye gari kwamba breki zake ni mbovu, na zilikuwa mbovu kweli. Jumba letu lilikuwa linatafuta mtu mwenye sikio la mashine, likamchukua.

Jina la Mjomba Giza alilipata kwa ukali wake. Kwake yeye, giza la ukumbini ni kazi ya mikono, na haifanywi nusunusu. Pazia likiacha upenyo wa kidole, projekta haiwashwi. Aliwahi kumfuata meneja mwenyewe hadi safu ya nyuma, akamwomba kwa adabu zote afunike saa yake iliyokuwa inang'aa. Meneja akaivua, akaitia mfukoni.

Wakongwe bado wanaikumbuka Jumapili ile umeme ulipokatika dakika kumi kabla ya picha kwisha. Mjomba alitoa kichwa kwenye kidirisha cha mitambo, akawasimulia watu mwisho wake kwa sauti za wahusika wote, mbwa akiwemo. Hakuna aliyeondoka. Wapo wanaoapa mpaka leo kwamba mwisho huo waliuona kwa macho yao.

Mitambo ya kompyuta ilipoletwa tulidhani atanuna. Aliijua kwa siku nne, akawafundisha mafundi wawili tulio nao sasa, kisha akaendelea kuzipaka mafuta projekta mbili za zamani kila Ijumaa. Tulimcheka sana. Hatukujua anazitunzia nini.

Tulijua mwezi wa sita. Meneja alimwambia achague filamu moja, yoyote ile, tuionyeshe kwa heshima yake. Sote tulikisia itakuwa ya ngumi. Akachagua Chumba cha Mbele, picha ya maisha ya nyumbani ambayo wengi wetu hatukuwahi hata kuisikia, na ambayo nakala yake pekee ilikuwa stoo kwetu: mikanda sita, kila mmoja kwenye kopo lake la bati.

Ni picha ya mama ambaye mumewe analeta simu ya kwanza katika mtaa mzima na kuiweka chumba cha mbele. Kuanzia siku hiyo chumba si chake tena. Majirani wanakuja kungoja kupigiwa, wengine wakiwa wamevaa viatu vya kutokea, kana kwamba anayepiga atawaona. Mtu wa rika langu akiitazama anaona sebule ya kwao: kitambaa cha kufuma juu ya simu, kufuli dogo kwenye duara la namba, redio inapunguzwa ili mtu asikie. Kwenye mkanda wa tatu simu inalia kwa ajili ya binti wa nyumba hiyo. Amepata kazi mbali, anaondoka. Kwenye wa nne chumba kimejaa kama kawaida, na mama ameketi katikati ya majirani, naye anangoja kupigiwa.

Mjomba alitueleza yaliyobaki tukiwa kwenye chai ya saa nne. Alikuwa na miezi minne kazini picha hiyo ilipoonyeshwa kwa waandishi wa magazeti, Alhamisi moja alasiri. Aliikagua mikanda, akaisafisha, akairudisha kwenye makopo, ila vifuniko vya namba tatu na namba nne akavibadilisha. Aligundua picha ikiwa inaendelea, alipomwona mama anangoja simu ya binti, kisha binti huyohuyo akaingia na birika la chai kama mtu ambaye hajaondoka bado. Angeweza kusimamisha. Lakini bosi wa siku hizo alikuwa amemwonya kwamba mbele ya wageni picha isikatike hata sekunde moja. Akaiacha iende.

Magazeti yaliandika kwamba mwongozaji hajui kusimulia hadithi. Mjomba aliionyesha kwa mpangilio wake sahihi siku sita zilizofuata, kwa viti vitupu, kisha ikaondolewa. Mwongozaji, dada wa miaka ishirini na minane, hakuliona kosa lenyewe. Siku ya waandishi alikuwa anatembeatembea nje kwa wasiwasi. Alichoona ni magazeti tu, na hakutengeneza picha nyingine. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Ya Mjomba yalikuwa yamefikia umri wa kuoa.

Nilimsindikiza kwa huyo dada, sasa mwalimu mstaafu wa hesabu. Mke wa Mjomba alikuwa amemnyooshea shati mara mbili. Mjomba alikataa kiti, akasema yote akiwa amesimama. Mwalimu aliiweka chai mezani polepole.

"Kila mwanafunzi aliyeniambia anataka kuandika au kuigiza," alisema, "nilimwambia asijidanganye kama nilivyojidanganya mimi."

"Hukujidanganya, dada. Mimi niliogopa kufukuzwa kazi."

Alituomba tumwache. Hakusema kama atakuja kwenye onyesho.

Jumamosi iliyopita ukumbi ulijaa. Mjomba alikagua vifuniko mara tatu, na safari hii hakuna aliyecheka. Taa zilikuwa zimeshazimwa mwalimu alipoingia na kuketi kiti cha kwanza kutoka mlangoni. Mkanda wa nne ulipofika, mama akakaa kati ya majirani na mikono yake mapajani. Mlinzi wetu, ambaye hata msibani humwoni akilia, aliniambia kwamba hivyo ndivyo mama yake alivyokuwa anakaa, kisha akatoka nje.

Picha ilikuwa imekwisha, nami nimempelekea Mjomba maji, pale mwalimu alipopanda ngazi, ameshika ukuta.

"Hivi ndivyo nilivyoitengeneza?" akauliza.

"Ndivyo."

Aliyatazama makopo.

"Basi nilikuwa naweza," akasema.

Hakusema amesamehe, na Mjomba hakumwomba. Alivuta stuli ya fundi, akaketi, akataka arudishiwe mkanda wa tatu autazame tena. Mjomba aliufunga kwenye projekta huku machozi yanamtoka. Niliwaacha.

Mjomba Giza, ahsante kwa miaka yote uliyotupa, na kwa kutuonyesha kwamba mtu anaweza kusema kweli hata akiwa amechelewa hivyo. Nenda nyumbani kwa mkeo. Tunakutakia siku nyingi, afya njema na usingizi mtulivu.